Tuta la mfereji wa Ahero liachiwe baiskeli

Kwa Mhariri,

Majuzi tulikuwa na kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti hapa Ahero. Mwalimu mmoja kijana alisimama akaomba wanafunzi wanaokuja shuleni kwa baiskeli watafutiwe njia mbali na barabara kuu ya Kisumu. Ofisa aliyeongoza kikao alimjibu kwa mzaha kwamba baiskeli ni ya aliyeshindwa kununua pikipiki, na njia za baiskeli ni starehe za Wazungu. Ukumbi ukaangua kicheko, kikao kikahamia kwa taa za soko. Jibu langu lilinijia nikiwa nishafika nyumbani, kwa hiyo naomba nafasi katika gazeti lako.

Hizo starehe za Wazungu nimezionja. Nilikuwa mfanyakazi wa reli, upande wa matengenezo ya njia, kipande cha kutoka Kisumu kupitia Kibos, Kibigori na Muhoroni hadi Fort Ternan. Mtu aliyeifanya kazi ile hatazami mandhari. Anatazama kokoto, mataruma, kalvati na mteremko. Kitinda mimba wangu anafanya kazi Toulouse, kusini mwa Ufaransa, na ameoa huko huko. Waliponialika nilidhani nitazungushwa makanisani na madukani. Kumbe mkamwana alikuwa ameshanikodishia baiskeli yenye gia na kiti kipana cha mzee. "Baba," mwanangu akaniambia, "usihofu, huku hakuna gari litakalokupita." Sikumwamini. Mtu aliyezoea kuendesha kati ya Nyamasaria na Rabuor, matatu ikikusukuma mchangani na lori la mafuta likikupiga honi mgongoni, haamini maneno kama hayo upesi.

Toulouse ndipo mifereji miwili inapokutana. Mashariki kuna Canal du Midi, kilomita 240 hadi ziwa la chumvi la Thau, kando ya bahari ya Mediterania. Ulichimbwa kati ya 1666 na 1681, enzi za mfalme Louis XIV, na aliyeubuni na kuusimamia, Pierre-Paul Riquet, alifariki 1680, miezi michache tu kabla ya kufunguliwa. Magharibi kuna Canal de Garonne, kilomita 193, uliokamilika 1856. Wakati huo mashua za mizigo hazikuwa na injini. Zilivutwa kwa kamba na farasi waliotembea ukingoni, na mahali pengine zilivutwa na binadamu. Kwa hiyo mfereji ulichimbwa pamoja na njia yake ya kando, upana wa kumtosha mnyama na anayemwongoza. Injini zilipokuja farasi wakaondoka, lakini njia ikabaki, na ikabaki mali ya umma. Hili ndilo ofisa wetu hakulijua. Wale watu hawakufidia mashamba ya mtu ili wajenge njia ya baiskeli. Ardhi walikuwa nayo, tena iliyosawazishwa, na kazi iliyobaki ilikuwa kuitengeneza juu na kuizuia magari.

Tulianza na ule wa magharibi, kuelekea mji wa Agen. Njia ina lami laini, kivuli cha miti upande huu na maji upande ule, na kwa muda mrefu sauti pekee ni ya mnyororo wa baiskeli yako. Miguu yangu haikuchoka, na sababu yake naijua vizuri kwa sababu nimeilipia jasho. Maji ya mfereji hayapandi kilima, na treni nayo haipendi kilima. Reli yetu inatoka ziwani, kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, inapanda hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500, na wahandisi waliipindapinda kila mahali ili isipande kwa ghafla. Hata hivyo nimeshuhudia vichwa viwili vya treni vikihema kwenye kipande kile. Mfereji wenyewe ni mvivu zaidi. Unakwenda sawasawa mpaka kwenye mlango wa maji, unashuka mita mbili au tatu, kisha unakwenda sawasawa tena. Mashua huingia katika chumba cha mawe, mlango unafungwa nyuma yake, maji yanapunguzwa au yanajazwa, mlango wa mbele unafunguliwa. Canal de Garonne una milango ya namna hii 53. Kwa mwenye baiskeli kila mmoja ni kimteremko cha kuachia kanyagio kidogo, au kikilima cha kukanyaga mara chache.

Jambo lililonichekesha ni kwamba reli ya Bordeaux kwenda Toulouse inaandamana na mfereji ule kwa masafa marefu, na wenzangu wa reli ndio walioutoa roho. Reli ilifika katika miaka ya 1850, na miaka hiyo hiyo kampuni ya reli ikakabidhiwa na mifereji iiendeshe. Mtu akimpa mshindani wako duka lako alisimamie, unajua bei zitapangwa vipi. Mizigo ikahamia kwenye mabehewa. Leo treni zinapita upande mmoja kwa kasi, na upande wa pili wazee wa rika langu wanapita kwa baiskeli bila haraka yoyote.

Kule Montech niliwachelewesha wenzangu. Mwaka 1974 wahandisi walijenga pale mteremko wa zege pembeni ya milango mitano ya maji, ili mashua ziiruke yote mitano kwa mkupuo mmoja. Kulikuwa na mashine mbili za dizeli, moja kila upande wa mteremko, ambazo ukiziona utasema ni vichwa vya treni, ila zinakwenda kwa matairi ya mpira. Zilishika ubao mkubwa wa chuma katikati yake, zikausukuma kupanda, na mbele ya ubao yalikwenda maji yaliyonaswa, na ndani ya maji hayo ilielea mashua. Yaani walipandisha mlima mashua pamoja na maji yake! Mtambo uliacha kazi 2009, sasa ni wa kutazamwa tu. Niliuzunguka huku na huku, nikainama kuangalia chini ya mashine, mpaka mkamwana akaketi nyasini akafungua chakula.

Mbele zaidi, Moissac, tulilala. Agen tulivuka mto Garonne juu ya daraja la mawe lenye matao 23 na urefu wa mita 539, mfereji ukipita juu ya daraja na mto ukipita chini yake, nasi tukisukuma baiskeli ukingoni. Na msidhani kila kona ni picha ya kalenda. Karibu na Valence d'Agen minara miwili ya kituo cha nyuklia cha Golfech inamwaga mvuke juu ya mashamba, na huikwepi, inakutazama kwa kilomita kadhaa.

Sasa nataka wanaopanga bajeti wasome hapa polepole. Kila njia ya mfereji inapokatana na barabara ya magari kuna nguzo au lango la bomba lenye mwanya pembeni. Baiskeli inapita, mama mwenye kigari cha mtoto anapita, gari halipiti. Lango lina kufuli. Watu wa mamlaka ya mifereji wana ufunguo, na mkulima ambaye shamba lake halina njia nyingine anaweza kuruhusiwa. Ni kipande cha chuma na kufuli, basi. Mwaka 2004 sheria ya barabarani ya Ufaransa ilizitambua rasmi njia za namna hii, zinazoitwa voies vertes: ni za baiskeli, za waendao kwa miguu na za wapanda farasi, vyombo vya injini marufuku. Ya kwanza ilikuwa imefunguliwa 1997 kati ya Givry na Cluny, na haikuwa ya mfereji hata kidogo, ilikuwa juu ya tuta la reli iliyoachwa. Nilipoelezwa hilo nilinyamaza kidogo, maana mtu wa reli hafurahii kusikia habari ya reli iliyoachwa, hata ya Wafaransa.

Nilitarajia kukuta vijana wenye misuli na nguo za kubana. Walikuwepo, wakipita kama wanafukuzwa. Lakini wengi walikuwa wastaafu, familia zenye mtoto nyuma ya baiskeli na mkate kwenye kikapu, na watoto wa vijijini wanaotoka shule. Hakuna aliyewauliza kama wameshindwa kununua pikipiki. Na pesa zao zilibaki vijijini. Nyumba za waliokuwa walinzi wa milango ya maji, baadhi yake sasa ni mikahawa midogo. Moissac wanakuuzia zabibu zao, Agen plamu zao zilizokaushwa nadhani kila mpita njia huondoka nazo. Nyumba tuliyolala ilibandikwa mlangoni alama ya Accueil Vélo. Ukiiona alama hiyo unajua nyumba haizidi kilomita 5 kutoka njiani, kuna mahali pa kufungia baiskeli usiku, na kuna pampu na spana za kuazima. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo na vyumba vyake vichache. Hakujenga ghorofa. Akina mama wa hapa Ahero wanaouza wali na samaki kando ya barabara wanaweza kazi hiyo wakiwa wamefumba macho.

Siku nyingine tulielekea mashariki kwenye Canal du Midi. Mwanzo ni lami, lakini ukishapita Naurouze na kuingia jimbo la Aude lami inakwisha, njia inakuwa udongo, mawe na mizizi ya miti mikubwa ya platani. Miti hiyo yenyewe inakatwa kwa maelfu kwa sababu ya ugonjwa wa ukungu ulioonekana pale 2006, na mahali pengine umebaki jua tupu. Baiskeli iliruka mpaka kiuno kikanishtaki. Hata hivyo watu walikuwa tele! Nakitaja kipande hiki kibovu makusudi, kwa sababu najua mtu atasema sisi hatuna pesa za lami. Hakuna aliyeomba lami.

Turudi kwetu, bonde la Kano. Skimu ya umwagiliaji ya Ahero ipo tangu mwisho wa miaka ya 1960. Maji yanavutwa kwa pampu za umeme kutoka mto Nyando, yanaingia mfereji mkuu, yanagawanywa kwenye mifereji midogo hadi kwenye majaruba ya mpunga. Kando ya mifereji kuna matuta na njia zilizoachwa kwa ajili ya kazi ya skimu. Tazama pale asubuhi. Utaona baiskeli ya Black Mamba iliyobeba gunia la mpunga, watoto watatu juu ya baiskeli moja wakienda shule, mama na beseni lake la nyanya, fundi na msumeno wake. Bonde la Kano ni tambarare kushinda hata ile nchi ya Garonne. Hatuhitaji kuchora njia mpya kwenye ramani, watu walishaichora kwa magurudumu yao.

Kinachoiharibu ni vitu viwili. Cha kwanza ni malori na matrekta yanayoingia juu ya tuta wakati wa mvua kukwepa matope ya barabarani. Udongo wetu mweusi ukilowa unashika gurudumu na kulifunga kabisa, unalazimika kubeba baiskeli begani. Trekta moja likipita siku ya mvua linachimba mitaro miwili, na jua likiwaka mitaro inakauka ikawa migumu, msimu mzima hapaendesheki. Cha pili ni maji yasiyo na pa kutokea. Hapa naongea kama mtu wa kazi. Tuta la reli halidumu kwa sababu ya chuma, linadumu kwa sababu maji yanaondoka. Wekeni murram, ishindiliwe, iinuliwe katikati kidogo ili maji yamwagike pembeni, na kalvati zizibuliwe kabla ya mvua za masika, wala si baada yake. Mto Nyando ukifurika kama 2024 hakuna murram itakayopona, najua. Lakini tuta lenye kalvati nzima hurekebishwa kwa majembe, na tuta lililozibwa hukatika, na likikatika mpunga nao unakwenda.

Halafu wekeni nguzo kwenye kila mahali pa kuingilia, na kufuli, na ufunguo ukae kwa kamati ya wakulima wa eneo lile. Wakati wa kuvuna lango lifunguliwe, mpunga utoke. Mavuno yakiisha lifungwe. Skimu ni ya mpunga kwanza, sisemi vingine.

Pikipiki ndizo zitakazotusumbua, na kwa hizo Ufaransa haikunipa dawa, kwa kuwa huko sikuona boda boda. Nimelifikiria jambo hili kwa vipimo. Mwanya mwembamba wa kuzuia pikipiki utazuia pia baiskeli yenye gunia lililolazwa nyuma, na mwenye gunia ndiye hasa tunayemtengenezea njia. Ukiupanua apite, boda boda naye anapita. Kwa hiyo ningeanza na malori na matrekta, ambayo nguzo inayaweza, na habari ya pikipiki izungumzwe na wenyeviti wa steji ana kwa ana. Vijana wale wana watoto wanaokwenda shule kwa tuta lile lile. Wapo watakaokaidi. Kwenye barabara kuu wapo pia wanaokaidi, wala hatujaifunga barabara.

Kuna jirani aliyeniambia, kwa nini tusipite kando ya reli, nafasi ipo? Hapana. Reli ya Nakuru hadi Kisumu ilikarabatiwa, na treni ya abiria kutoka Nairobi ilirudi Desemba 2021. Tuta lile ni jembamba na kwenye madaraja hakuna pa kukwepea. Kule Cluny hakukuwa na treni tena. Hapa ipo, iachieni njia yake. Ninachoomba kwa upande wa treni ni kidogo: behewa liwe na mahali pa kuning'iniza baiskeli. Kutoka Agen tulirudi Toulouse kwa treni ya mkoa, baiskeli zikiwa ndani pamoja nasi, na hakuna aliyetukunjia uso.

Atakayeuliza kuhusu watalii nitamjibu kwa ufupi. Waje, wakipenda. Kisumu mjini tuliona njia nzuri za waendao kwa miguu zikijengwa kabla ya Africities, ule mkutano wa miji ya Afrika, wa Mei 2022, kwa hiyo uwezo upo pakiwa na wageni wa kupokea. Mgeni anayefika Dunga kutazama ndege anaweza kufika Ahero kutazama ndege wale wale kwenye mpunga, akala, akalala. Lakini mimi namwandikia yule mwalimu kijana. Wanafunzi wake hawasubiri mkutano wa kimataifa, wanasubiri lori lipite ndipo warudi kwenye lami.

Linalonikera ni kwamba tuta liko mikononi mwa mamlaka ya umwagiliaji, barabara za vijijini ziko kwa kaunti, na shule ziko kwa wizara. Kila mmoja ana sababu nzuri ya kumwonyesha mwenzake kidole. Ningetaka ofisi moja tu, yoyote, iseme hadharani kwamba nguzo na kufuli ni kazi yake. Murram tutaijadili baadaye. Fundi wa kuchomelea hapa sokoni amenitajia bei ya lango moja la bomba, na si bei ya kumtisha mtu aliyeketi kwenye kikao cha bajeti. Ambacho sijapata ni bei ya lori la murram kutoka machimbo ya karibu hadi kwenye tuta, na kila dereva ananitajia yake. Msomaji mwenye bei ya kweli aiandike katika ukurasa huu. Urefu wa tuta nitaupima mwenyewe, nina mkanda wa kupimia na muda ninao.

Mstaafu wa reli,
Ahero, Kaunti ya Kisumu